Kitasa cha Geti la Bustani: Niliyojifunza Baada ya Mama Kufungiwa Ndani

Nilimkuta mwanangu amechuchumaa ukingoni mwa bwawa la samaki, mkono mmoja ndani ya maji, anaongea na samaki. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi 7. Nilimbeba bila kusema neno, moyo ukinidunda mpaka masikioni, na nilipogeuka nikaona geti la bustani liko wazi kabisa. Nusu saa kabla ya hapo mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kumwagilia. Mpaka leo siwezi kuapa kwamba nililirudishia.

Maji ya bwawa lile hayanifiki magotini. Lakini mtoto wa umri ule anaweza kuzama katika maji ya sentimita chache tu, na huzama kimya, bila kupiga kelele wala kurusha maji kama wengi wetu tunavyodhani. Usiku ule sikulala. Mke wangu naye hakulala, ila hatukusemezana mengi.

Wakati huo geti lilikuwa na komeo na kufuli. Kufuli linamfaa mtu anayefunga na kwenda zake. Geti letu lilikuwa likipitwa mara 20 kwa siku: ndoo inaingia, jembe linatoka, nguo zinaanikwa, nguo zinaanuliwa. Mtu aliyeshika vitu mikono yote miwili hawezi kuhangaika na kufuli. Basi kufuli likawa linaning'inia kwenye komeo mchana kutwa, likifungwa usiku tu, wakati mtoto amekwisha kulala na bwawa halina hatari kwa mtu yeyote. Nikaamua nataka geti lisilotegemea kumbukumbu ya mtu, yangu ikiwa ya kwanza. Geti lijirudishe lenyewe na lijifunge lenyewe.

Kosa langu ni kwamba nilikimbilia kitasa.

Nilinunua kitasa cha kubandika, kile kinachokaa juu ya ubao badala ya kuchimbiwa ndani yake, chenye ulimi wa springi uliokatwa mshazari. Ukisukuma geti, ulimi unagonga bati la kwenye nguzo, unarudi ndani, kisha unachomoka na kuingia kwenye tundu lake. Nilichagua chenye tundu la ufunguo pande zote mbili. Hoja yangu wakati ule niliiona nzito: geti letu ni la mbao zilizoachiana nafasi, na kama upande wa ndani kungekuwa na kitufe cha kuzungusha, mtu angepitisha mkono kati ya mbao na kujifungulia. Ufunguo nje, ufunguo ndani, hakuna atakayepita. Nikakifunga mwenyewe Jumamosi moja na kujiona nimemaliza kazi.

Wiki mbili baadaye ulimi ulianza kukosa tundu lake. Geti lilikuwa limeinama upande wa kitasa, milimita 4 hivi, na hizo zilitosha. Ulimi ulikuwa unatua juu ya ukingo wa bati, geti linasimama hapo likiegemea nguzo, na ukilitazama kutoka barazani unaapa kwamba limefungwa. Geti la namna hii ni baya kuliko lililo wazi. Lililo wazi utaliona na kwenda kulifunga. Hili linakudanganya, nawe unamwachia mtoto acheze uani.

Nikalipiga nyundo bati, nikalishusha kidogo, mambo yakatulia. Kisha akaja Mama kututembelea.

Mama yangu amevuka miaka 70 na hawezi kukaa bila kazi. Siku ya pili yake aliingia bustanini kung'oa magugu. Mimi nilikuwa kazini, mke wangu alikuwa chumba cha nyuma na cherehani, mtoto amelala. Upepo wa mvua ukalisukuma geti, nalo likajifunga vizuri, kama nilivyotaka. Funguo zilikuwa zimetundikwa jikoni. Mvua ikashuka. Mama akaita, lakini mvua juu ya bati pamoja na cherehani vilimeza sauti yake. Alisimama chini ya mti karibu saa nzima, kitenge kimelowa mpaka mabegani, hadi mke wangu alipotoka kuanua nguo akamwona.

Niliporudi jioni alikuwa amekaa na blanketi, anakunywa kitu cha moto. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, geti lako limenifungia kama mwizi." Laiti angenigombeza. Nikatoka na bisibisi, nikakifungua kitasa kile gizani kwa mwanga wa tochi, na sikukirudisha tena.

Kama kuna mtu anasoma haya akiwa karibu kununua kitasa cha aina hiyo, namwomba asikinunue kwa mahali popote ambapo binadamu anaweza kubaki ndani. Upande wa kutokea lazima ufunguke kwa mkono mtupu. Mtu aliye ndani anaweza kuwa mzee, mgonjwa, au mtoto aliyeumia, na moto nao hausubiri funguo. Kama unahofia mkono wa mwizi kupenya kati ya mbao, dawa yake ipo, nami nitaifikia. Dawa hiyo si kumfungia mtu wako.

Baada ya hapo nilimwita fundi anayetengeneza mageti. Hakukiuliza kitasa hata kidogo. Alishika geti kwa ncha ile isiyo na bawaba, akalinyanyua kwa mkono mmoja, nalo likapanda kama sentimita moja na kushuka. Akaniambia, "Bawaba zako zimelegea, na huu ubao wa mshazari umeupigilia kinyume. Kitasa utanunua mwisho." Maneno hayo nilistahili kuyasikia miezi 3 kabla.

Habari ya ubao wa mshazari inafaa kuelezwa, kwa sababu nimekwisha kuona mageti mengi yenye kosa langu. Ubao hubeba mzigo kwa kusukuma. Kwa hiyo uanzie chini upande wa bawaba, ukwee hadi juu upande wa kitasa. Geti likitaka kuinama, ubao unalisukuma juu na kuuteremsha uzito wake kwenye bawaba ya chini. Ukitumia waya wa kukaza badala ya ubao, mambo yanageuka, maana waya hauwezi kusukuma, huvuta tu: uanzie juu upande wa bawaba, ushuke hadi chini upande wa kitasa. Mimi nilikuwa nimeweka ubao mahali pa waya. Geti lilikuwa linainama tangu siku ya kwanza, na kitasa kizito nilichokibandika kwenye ncha yake kiliharakisha tu.

Fundi aliweka bawaba 3 badala ya 2, akazifunga kwa bolti zinazopita mbao zote na kukazwa kwa nati upande wa pili, akatupa skrubu zangu fupi. Kati ya geti na nguzo aliacha nafasi ya milimita 8. Niliona ni kubwa mno. Akanieleza kwamba mbao ikinyonya maji hutanuka kwa upana wake, kwa urefu haibadiliki sana. Geti langu lina mbao za kusimama, kwa hiyo utanukaji unasukuma kuelekea kwenye kitasa. Msimu wa mvua ulipofika nilipima: milimita 8 zilikuwa zimebaki 5. Ningeacha 3 kama nilivyotaka, geti lingeng'ang'ania kwenye nguzo na kitasa chochote kingekuwa bure.

Kisha ikaja habari ya kujirudisha. Watu wengi husema kitasa kinachojifunga, wakasahau kwamba kitasa hakina mikono. Hakiwezi kulivuta geti. Kinasubiri tu kiletewe. Anayekiletea ni springi ya bawaba, au uzito wa geti lenyewe kama bawaba zimekaa kwa mteremko, au ile mashine ndogo yenye mafuta inayopunguza kasi. Sisi tulichukua bawaba za springi, nazo zina jambo lake. Geti likiachiwa likiwa wazi kabisa, hupata kasi njiani na hujifunga bila shida. Ukiliachia likiwa wazi sentimita 10 tu halina kasi yoyote, na hapo ndipo ulimi hushindwa kuingia. Ukikaza springi ili lifunge kutoka sentimita 10, basi kutoka mbali litapiga kwa kishindo cha kuvunja vidole. Tulirudi kwenye ufunguo wa kurekebishia springi mara nyingi siku ile, na mwisho tukabandika mpira mnene kwenye nguzo ili upokee kishindo. Kama ningekuwa na geti la chuma zito, ningechukua mashine ya mafuta bila kusita.

Fundi aligeuza pia upande geti linapofungukia. Sasa linafunguka kutoka bwawani kuja nje. Mtoto aliyesimama nje akilisukuma au kuliegemea, analifunga zaidi. Baadaye nilikuja kusoma kwamba huko Australia, ambako kanuni za uzio wa mabwawa ya kuogelea ni kali, geti hutakiwa kufunguka hivyo hivyo, kuyapa mgongo maji, na kujirudisha kutoka nafasi yoyote, hata pale linapogusa ulimi tu. Bwawa letu si la kuogelea na sisi hatuko chini ya kanuni zile, lakini maji ni maji.

Ndipo tukafika kwenye kitasa chenyewe, na hapa nilijifunza kutofautisha vitu viwili nilivyokuwa nikiviita kwa jina moja. Kuna kifaa kinachoshika na kuna kifaa kinachofunga. Kile cha kushika, kwa mfano kipande cha chuma kinachodondoka kwa uzito wake ndani ya ndoano, kinazuia upepo, mbuzi na mtoto mdogo, ila mtu mzima yeyote anakinyanyua na kupita. Kuna pia vya sumaku, ambavyo navipenda kwa jambo moja: ulimi unavutwa badala ya kusukumwa, hivyo hakuna msuguano wa kulizuia geti linalokuja taratibu. Kama haja yako ni mtoto tu na hujali mgeni kuingia, sumaku inatosha, usitafute makubwa.

Sisi tulitaka na mgeni asiingie, kwa sababu bustani yetu inapakana na njia. Kwa hiyo kilihitajika kitasa. Nilijaribu kwanza kimoja cha ulimi wa springi wa kawaida, mpini ndani na ufunguo nje. Shemeji yangu alikata kipande cha plastiki kigumu kutoka kwenye chupa, akakipenyeza kati ya geti na nguzo, akausukuma ulimi kwa upande wake wa mshazari, geti likafunguka. Hakumaliza hata dakika. Ule mshazari unaousaidia ulimi kuingia ndio huohuo unaomsaidia mwizi kuutoa.

Kinga yake ni kitasa chenye kijiti kidogo kando ya ulimi. Geti likifungwa, ulimi unaingia kwenye tundu lakini kijiti kinabaki kimebanwa na bati, na kikiwa kimebanwa kinaufungia ulimi usirudi nyuma kwa kusukumwa. Ila angalia sana wakati wa kufunga bati: tundu likiwa kubwa mno, kijiti nacho kinatumbukia pamoja na ulimi, na kinga yote inapotea bila wewe kujua. Nimeona hili kwenye geti la jirani. Alikuwa na kitasa kizuri, na kwa miaka yote hiyo kijiti hakijafanya kazi siku hata moja.

Angalia pia ulimi unaelekea wapi. Mshazari lazima ulitazame bati geti linapokuja. Vitasa vingine vinakuruhusu kuuchomoa ulimi na kuugeuza, vingine vimetengenezwa kwa geti la kulia au la kushoto na havigeuki. Simama nje, tazama bawaba ziko mkono gani na geti linakwenda upande gani, andika kwenye karatasi uende nayo dukani.

Hatimaye nilichagua kitasa cha namba, cha vitufe vya kubonyeza, kisicho na umeme wala betri. Nje unabonyeza namba kisha unazungusha kishikio. Ndani kuna mpini ulio huru siku zote, unaushusha, unatoka. Hakuna ufunguo wa kusahau jikoni. Lakini nataka kusema ukweli kuhusu vitasa hivi, maana wauzaji hawasemi. Katika vingi vyao mpangilio wa namba haujalishi. Ukichagua 2, 5, 8 na 9, basi 9, 8, 5, 2 nayo inafungua, na kitufe kimoja hakibonyezwi mara mbili. Kwa vitufe 10, namba za tarakimu 4 ni 210 tu, wala si 10,000 kama mtu anavyodhani. Halafu vitufe unavyovigusa kila siku huanza kung'aa kuliko vingine. Sisi hubadilisha namba mara kwa mara na kuvifuta vitufe vyote. Kwa bustani inatosha. Kwa mlango wa nyumba nisingekitumia peke yake.

Kitasa cha umeme nilikifikiria na kukiacha. Kile cha sumaku ya umeme hushika kwa muda ule tu umeme upo; ukikatika, geti linaachia. Kuna aina nyingine ambazo umeme ukikatika hubaki zimefunga. Kwa geti lenye maji nyuma yake na watu ndani yake sikutaka hata moja kati ya hayo mawili iamuliwe na waya.

Sasa ile dawa ya mkono kupenya. Kanuni za Australia nilizozitaja zinataka kishikio cha kufungulia kiwe angalau mita 1.5 kutoka chini, au kama kiko chini ya hapo, kizungukwe na kinga ya sentimita 45 kila upande isiyo na tundu la kuzidi milimita 10. Tulifanya yote mawili. Tulipigilia bati nene kuzunguka kitasa, na mpini wa ndani tukaufunika kwa kiboksi kilicho wazi chini, ili mkono wa aliye ndani uingie kwa kupanda na mkono wa aliye nje usiufikie.

Urefu ndio ulionisumbua. Mama ni mfupi, na mita 1.5 inamkaribia machoni. Bega lake la kulia halinyanyuki vizuri. Kabla fundi hajatoboa, nilimwomba Mama aje asimame getini, nikashikilia kipande cha ubao mahali ambapo mpini ungekaa, nikamwambia ajaribu kuushusha. Akajaribu kwa mkono wa kulia, akashindwa. Akajaribu kwa wa kushoto, akaweza. Basi tulirefusha mpini kwa kipande cha bomba kinachoning'inia ndani ya kiboksi, ili auvute kwa chini bila kunyanyua bega. Fundi alisema hajawahi kuona mtu akipimisha kitasa kama nguo. Mimi nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa kwa kila geti.

Kuhusu kutu nitasema kwa ufupi. Kitasa cha ndani ya nyumba hakiwekwi nje, hata kikipakwa rangi. Springi yake italiwa kwanza. Chuma cha pua cha daraja la 304 kinatosha sehemu nyingi, na karibu na bahari tafuta 316, ambacho kina molibdeni ya asilimia 2 hadi 3 inayokisaidia kuhimili chumvi. Skrubu nazo ziwe za chuma hichohicho. Skrubu iliyopakwa zinki kwenye bati la chuma cha pua huliwa upesi, kwa sababu metali hizo mbili zikikutana penye unyevu, zinki ndiyo inayoisha.

Kitasa chetu kina pia silinda ya ufunguo wa dharura, na nilikuwa naimwagia mafuta ya cherehani mpaka ikagoma. Fundi alipoifungua alinionyesha vijiti vidogo vilivyosimama kwenye mstari, kila kimoja na springi yake, vyote vimegandiwa na vumbi. Wazo la vijiti hivyo ni la kale sana. Wamisri wa zamani walikuwa na vitasa vya mbao vilivyofanya kazi hivyo, na Linus Yale Mdogo wa Marekani alikipa umbo la leo kwa hataza zake za 1861 na 1865. Mafuta hukamata vumbi na vumbi hukamata vijiti. Unga wa grafiti kidogo tu unatosha. Mafuta au grisi peleka kwenye bawaba.

Jambo la mwisho nililolikataa ni kile kitufe cha kuuzuia ulimi ndani, ambacho fundi alisema kingesaidia siku za toroli. Ukikiweka, geti linajirudisha, linasimama mahali pake, na halijafungwa. Nimekwisha kukutana na udanganyifu huo. Badala yake tumeweka ndoano ndefu kwenye ukuta inayolishika geti likiwa wazi kabisa. Likiwa limeshikwa pale, kila aliye uani analiona, na mtoto anabaki ndani ya nyumba mpaka toroli limalize safari zake.

Matundu ya bati la kwenye nguzo tuliyatanua yakawa marefu kidogo, hivyo mvua zikianza nalegeza skrubu 2, nalisogeza bati, nakaza. Kila Jumapili jioni naliachia geti mara tatu: kutoka mbali, kutoka nusu, kutoka sentimita 10. Mama akiwepo huniuliza kama limeitika.

Mtoto sasa ana miaka 4. Namba hatujamwambia, na mkono wake haujafika kwenye vitufe. Lakini juzi nilimwona akivuta chungu cha maua kuelekea getini, akikipima kwa macho, akiangalia juu. Jioni hiyohiyo niliviondoa vyungu vyote vilivyokuwa karibu na nguzo, pamoja na kigoda cha kuanikia nguo, nikavipeleka upande wa pili wa ua.